Mwenye Kuiwasha Amplifaya

Amplifaya ile fundi saa aliiunda kwa mikono yake mwenyewe, enzi hizo akiwa bado kapera. Transfoma aliipata ukumbi wa sinema ulipovunjwa, na valvu, zile taa ndogo za kioo, alizikusanya moja moja kutoka kwenye redio mbovu za watu. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, haina kifuniko, na ukiiwasha haikuimba papo hapo. Valvu zilianza kuwaka taratibu, nyekundu kama kaa chini ya majivu, na mpaka zishike moto sawasawa ungeweza kupika chai ukainywa.

Tatizo ni kwamba fundi hakuwa mtu wa kusubiri. Alishinda ameinama kwenye kibanda chake karibu na posta, lenzi imembana jichoni, akihangaika na vigurudumu vidogo kuliko punje ya mtama. Akirudi nyumbani alitaka kukaa kitini asikie muziki, basi.

Alipooa, mkewe alilimaliza jambo hilo bila hata kuombwa. Nyumba yao ilikuwa mwisho wa barabara, baada ya kona kali, na fundi alikuwa na mazoea ya kupiga kengele ya baiskeli kila akiikata kona hiyo, ili watoto wanaocheza barabarani wampishe. Mkewe akiisikia kengele, awe jikoni au uani akianua nguo, aliingia sebuleni akabonyeza swichi. Fundi akishaegesha baiskeli, akavua viatu, akanawa mikono, valvu zilikuwa tayari. Hakuna aliyewahi kulizungumzia. Kitinda, binti yao wa mwisho, alikua akidhani kila nyumba duniani muziki hupashwa moto baba akiwa njiani.

Kuzima nako kulikuwa kazi ya mama. Fundi alikuwa bingwa wa kusinzia kitini, na valvu hazitaki kuachwa zikiwaka ovyo. Mama alikuwa akimwangalia kichwa kilivyomwinamia kifuani, anasema kwa sauti ya chini, "Bwana mkubwa keshasafiri," kisha anazima.

Mama alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Watoto wakubwa walikuja, wakazika, wakarudi kwenye kazi zao za mbali. Kitinda aliyeolewa upande wa pili wa mji, na ambaye alikuwa na saluni yake huko, ndiye aliyebaki kumwangalia mzee kila Jumapili. Mzee alikula vizuri, alikwenda kibandani kama kawaida, hata utani hakuacha. Alimwambia bintiye asimkodolee macho kama saa iliyoletwa kwa fundi.

Lakini santuri zilikuwa na vumbi. Kitinda alipouliza, baba yake alisema valvu zimechoka. Kitinda akaenda akaiwasha amplifaya, zikawaka zote, hakuna hata moja iliyosita. Mzee akatazama pembeni.

"Zinachelewa kupata moto," alisema. "Na wakati ule wa kuzisubiri, nyumba inakuwa kimya mno."

Maneno hayo Kitinda alirudi nayo kwake, akashinda nayo saluni wiki nzima, mpaka siku alipoingia duka la vifaa vya umeme kununua balbu na kuona plagi zinazoamrishwa kwa simu. Muuzaji alimweleza kwamba unaichomeka kwenye soketi ya ukutani, unachomeka chombo chako juu yake, halafu hata ukiwa mji mwingine unaweza kuwasha na kuzima. Jumapili iliyofuata aliifunga nyuma ya amplifaya, akaijaribu kwanza kwa simu yake, kisha akamwekea mzee programu ya plagi kwenye simu ya kwake na kumwonyesha pa kubonyeza akifika kona. Mzee alicheka sana. Maisha yake yote ameshika bisibisi, alisema, na leo anaambiwa awashe umeme akiwa juu ya baiskeli.

Kitinda aliporudi tena, alikuta vumbi lile lile. Alidhani mzee amesahau namna ya kubonyeza, akaanza kumwelekeza upya. Baba yake akamzuia kwa mkono.

"Nilibonyeza, mama. Najua kubonyeza. Nikaingia, nikakuta zinawaka, na nikamwita mama yako nimwambie nimefika." Akatazama mlango wa jikoni. "Halafu nikakumbuka aliyeziwasha ni mimi mwenyewe."

Kitinda alijisikia vibaya. Alipiga magoti nyuma ya meza aing'oe ile plagi, na alikuwa ameshaishika wakati mzee aliposema aiache.

"Si unayo na wewe kwenye simu yako?"

"Ninayo, baba."

"Basi bonyeza wewe. Mimi nitakupigia nikifika kona."

Ikawa hivyo. Kila jioni simu ililia saluni, na kwa kuwa mikono ya Kitinda kwa kawaida ilikuwa kwenye nywele za mtu, wateja walijifunza wenyewe. Aliyekaa karibu na simu aliipokea, akamsikiliza mzee akisema yuko kona, akamwamkia, akabonyeza. Walishindana. Mama mmoja muuza vitambaa alikuwa akija jioni hata kama nywele zake hazina tatizo lolote. Na mzee, akishaketi, aliiacha simu wazi kando ya spika, hivyo muziki wake ukawa ndio muziki wa saluni. Walipoanza kusikia mkoromo katikati ya gitaa, wanawake walitazamana wakicheka chini chini, na Kitinda akafuta mikono, akazima.

Ikatokea jioni moja saluni imejaa. Kulikuwa na bibi harusi na wapambe wake, kila mmoja ana lake, vikausha nywele vinanguruma, na simu ilipolia kutoka kona hakuna aliyeisikia. Ilipolia tena Kitinda aliipokea mwenyewe, kitana mkononi.

"Nimeshaingia," alisema mzee. "Leo huku kumepoa."

Kitinda alibonyeza haraka na kuanza kuomba radhi. Baba yake alisema hapana shida, atasubiri, na hakukata simu. Kitinda alimsikia akivuta kiti. Akafikiri aseme chochote ili nyumba ile isiwe kimya, lakini mzee alimtangulia.

Alimwambia kwamba mama yake, alipoletwa nyumbani akiwa mwari, aliiogopa amplifaya ile kuliko nyoka. Aliona vioo vinavyowaka peke yake, akaamini siku moja vitaunguza nyumba. Alijaza ndoo mchanga, akaiweka chini ya meza, na kila alipoiwasha alisimama kando ya ndoo mpaka mumewe aingie ndani.

Kitinda aliikumbuka ndoo hiyo. Alikuwa akiichezea utotoni, na miaka yote alidhani ni mchanga wa maua.

"Maua gani?" alisema mzee. "Ule ulikuwa wa kuniokoa mimi."

Kitinda alicheka mpaka kitana kikamdondoka. Bibi harusi aligeuka kutazama, akaona machozi yanamtoka msusi wake, akamwambia asiwe na haraka, yeye atangoja.

Tangu siku hiyo mzee aliacha kupiga simu akiwa kona. Alipiga akishaingia ndani, viatu vimevuliwa, santuri imewekwa, amekaa. Kitinda aliwasha, na wakati valvu zikipata moto baba yake alimsimulia: namna mama alivyomkatalia posa mara ya kwanza, namna alivyokuwa akiimba vibaya na hajali, namna alivyoshika mkono wake hospitali akamuuliza kama amekula. Mambo mengine Kitinda aliyajua. Mengi hakuyajua. Wateja walipunguza sauti za vikausha nywele ili nao wasikie.

Spika zikianza kuimba, mzee wala hakuzisikiliza. Alipandisha sauti yake kidogo, akaendelea kuongea.