Mlango wa Kuegesha

Pius akija tena kanisani kwetu Pasiansi na vipeperushi vyake vya safari, nitamtoa kwa ufagio, na mchungaji akiwa anatazama. Krismasi ya Kisumu! Hoteli ya ufukweni, boti, viboko, keki ya pamoja! Akina mama tukachanga, wengine mpaka wakauza kuku wa mayai. Mimi viboko sikuwa na haja navyo. Nilitaka kitu kimoja tu: mama yangu aipitishe Krismasi moja mbali na mlango wetu, na mlango huo ufungwe.

Ngoja nieleze. Kaka yangu Oyoo alipanda boti ya mbao kwenda visiwani kununua dagaa, boti ikapinduka. Wenzake wote waliopolewa, wazima na wafu. Yeye hakuonekana. Sisi ni Wajaluo wa Rorya, na kwetu mtu aliyebaki majini haachwi hivi hivi bila kaburi. Linatafutwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia kwenye mti wake kama limefungwa kamba. Linavikwa sanda, linalazwa kaburini, watu wanalia, mambo yanaisha. Baba mdogo Ojwang ndiye aliyesimamia yote. Mama hakwenda.

"Mmezika tunda," alisema. "Mwanangu yuko njiani."

Na jina lenyewe ndiyo maana yake, Oyoo, mtoto aliyezaliwa njiani. Mama alimzaa kando ya barabara akikimbizwa zahanati. Kwa hiyo ukimbishia anakutazama kama vile wewe ndiye uliyechanganyikiwa.

Tangu hapo mlango wetu wa mbele haukufungwa. Ulikuwa unaegeshwa tu, mtu akisukuma kwa kidole anaingia. Tuliibiwa redio, tukaibiwa sufuria, majirani wakatusema, wapi! Krismasi ndiyo ilikuwa balaa zaidi, maana Oyoo enzi zake angekuwa wapi na wapi, Krismasi utamkuta nyumbani. Mama alikuwa anampakulia sahani yake, anaifunika, anakaa na gauni lake la kanisani akiutazama mlango mpaka wali unachacha. Mimi ndiye niliyekuwa naumwaga asubuhi. Nilichoka, jamani. Nilichoka kumpikia mtu asiyekuwepo, na nilichoka zaidi kumwona mama yangu akizeeka anaangalia mbao.

Halafu mwezi wa nane baba mdogo akanipigia simu kutoka Rorya. Juu ya lile kaburi palikuwa pameota mti wa yago, umekua upesi mpaka watu wakaanza kunong'ona, na yeye akaukata kwa panga akang'oa na kisiki.

"Mama yako asisikie," akaniambia.

Hakusikia. Hakuna aliyesikia, hata mume wangu, aliye kazini mbali, mimi sikumwambia. Pius alipoleta vipeperushi vyake nikaona nimepata njia ya kumtoa Mama nyumbani.

Asubuhi ya safari basi lilikuja kutuchukua barabarani, Mama akatangulia kukaa. Nikajifanya nimesahau kanga. Nikarudi mbio nyumbani, nikatia kufuli, ufunguo nikautumbukiza kwenye pochi.

"Umeegesha?" akaniuliza niliporudi kitini.

"Nimeegesha, Mama."

Huko Kisumu sasa! Hoteli ilikuwa imejaa, au haikuwahi kutujua; mpaka leo Pius ana majibu mawili. Tukalazwa gesti nyuma ya soko, wanne wanne, bafu moja, maji ya ndoo. Krismasi yenyewe, tulipotoka ibadani, akatupeleka ufukweni kupanda boti. Boti zilikuwepo, lakini zimekwama kwenye magugu maji. Ziwa lote mbele yetu lilikuwa kijani, ungeweza kudhani ng'ombe wataingia kula.

"Yaani tumegongewa mihuri mpakani," akasema Dorotea, mwenyekiti wetu, "kuja kuliona ziwa letu kwa mgongoni?"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Kisha kicheko kikaisha, watu wakaanza kumtafuta Pius kwa macho.

Mama hakulalamika. Alisimama pale maji yanapoanzia, akayatazama magugu yakipanda na kushuka taratibu, kama shuka lenye mtu chini yake anapumua. Mimi nikageuza macho.

"Kwetu ni upande gani?" akaniuliza.

Nikamwonyesha.

"Mbali," akasema. "Saa hizi atakuwa anafika."

Nilikasirika nusu nilie. Nimemvusha mpaka, na bado amekuja naye! Nikamshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyopasa, nikampeleka kwenye kibanda cha samaki walikokaa wenzetu.

Samaki walikuwa ndiyo kwanza wamewekwa mezani simu yangu ikaita. Ni Gladness, mpangaji wetu wa chumba cha uani, binti wa Kisukuma kutoka Usagara. Alihamia kwetu baada ya Pasaka. Hakumjua Oyoo, na picha yake hakuwahi kuiona, kwa sababu Mama alikataa isitundikwe ukutani kama ya marehemu. Kulikuwa na kelele za muziki, nikaweka spika.

"Dada Aloo, Krismasi njema! Mmepata mgeni huku."

"Mgeni gani?"

"Kaka mmoja mrefu. Nimemkuta anausukuma mlango kwa kidole. Haufunguki, anasukuma tena, kama haamini. Nikamwambia wenyewe wamesafiri. Nikamtolea kiti apumzike, akakataa, eti atakilowesha. Na huku leo jua kali, hata wingu hakuna."

"Alijitaja jina?"

"Nilimuuliza nikuambie nani. Akasema, mwambie Mama niko njiani. Halafu akaniuliza swali sikulielewa. Eti nani amekata mti wake. Dada, hapa kuna mti wa mtu?"

Nikakata simu. Dorotea alikuwa ametafuna nusu, ameacha mdomo wazi. Mama alinigeukia polepole.

"Mti gani, Aloo?"

Ningefanyaje? Nilimwambia. Kaburi, mti, panga la baba mdogo, yote, palepale mbele ya watu, machozi yananidondokea kwenye ugali. Alisikiliza mpaka mwisho, na la mti hakuliuliza tena.

"Alisukuma mara mbili," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe uliniambia umeegesha."

Akanyoosha mkono. Nikafungua pochi, nikampa ufunguo. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliufumbata ule ufunguo kiganjani siku zilizobaki na njia nzima ya kurudi, Migori, Sirari, Musoma, huku basi zima likimsonya Pius na Pius akiapa kwamba Pasaka ijayo atatufidia.

Nyumbani tulikikuta kiti cha Gladness bado kiko kibarazani, kikavu. Mama akafungua mwenyewe. Akaingia, akavua viatu, akakaa mahali pake pa kila siku, lakini safari hii aliupa mlango mgongo.

Jioni nikataka kumfurahisha. Nikaenda nikauegesha mlango vizuri, nikaacha ule upenyo mdogo kama anavyopenda. Mama akainuka. Akanipita, akaubamiza, akasukuma komeo mpaka mwisho, na juu yake akatia kufuli.

"Mama! Na Oyoo je?"

"Alikuja," akasema. "Akakuta tumefunga. Sasa na yeye ameamini kwamba tulimzika."

Na tangu siku hiyo Mama analala. Analala mpaka anakoroma, sahani ya ziada hapakui, na Krismasi iliyofuata alikula akashiba akaomba na soda. Kile nilichokitaka nimekipata chote. Lakini kila akishalala mimi naamka, nauchukua ufunguo chini ya mto wake, navuta komeo polepole asisikie, na mlango nauegesha.