Susu Apigwa Picha Nzima

Kavutha alikuwa ameutolea macho mwale wa mwanga kwa saa nzima, na mwale ulikataa katakata kupinda. Swali la sayansi lilimtaka achore mwanga ukiingia majini. Kazi ilipaswa kupigwa picha na kutumwa kwa Mwalimu Ndunda kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kavutha alishachelewa mara mbili, na mwalimu alisema akichelewa ya tatu, mzazi ataitwa shuleni. Mzazi mwenyewe ni mama yake, mfanyakazi wa kiwandani Athi River, na huko ukikosa siku moja tu, kibarua kimeota nyasi. Hilo lilimtia Kavutha hofu ya kweli.

Lakini hofu haichori. Saa kumi akajipa mapumziko ya dakika tano, akachukua simu kuukuu aliyoachiwa na mama kwa ajili ya masomo, akatoka uani. Akapiga picha jicho la kuku. Akapiga tone la maji kwenye mdomo wa mfereji. Akalala kifudifudi akapiga ndoo kutoka chini, ndoo ikawa ghorofa. Dakika tano za Kavutha, ukweli usemwe, zilikuwa na mkia mrefu.

Ndipo nyanya yake, Susu Syombua, akatoka jikoni na ungo. "Na mimi je? Kuku amenishinda urembo?"

Kavutha akampiga picha mikono peke yake, ikipepeta ndengu, akaona leo ameweza. Susu akaitazama picha, uso ukakunjamana.

"Miguu yangu iko wapi?"

"Susu, hii ni sanaa."

"Sanaa gani ya kukata watu? Mtu huonekana nusu akiwa kwa sanduku, tukimuaga. Mimi niko hai. Nipige mzima, mpaka viatu!"

Basi ikawa kazi. Susu akaingia ndani, akatoka na gauni la kanisa. Akarudi kuvaa viatu. Akarudi tena kuleta redio, maana picha bila redio ni ya watu wa shida. Akasimama wima, hacheki hata kidogo. Kavutha akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka akakanyaga bakuli la kuku. Picha ya kumi na saba ndiyo iliyompendeza Susu, na hapo hapo simu ikaisha chaji, ikazimika. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, eneo zima la Mumbuni. Saa kumi na mbili ilimkuta Kavutha mlangoni analia.

Kesho yake Susu alivaa lile gauni, akafuatana naye hadi shuleni.

"Mwalimu, usimwite mama yake. Mwenye makosa ni mimi. Mtoto alikuwa anasoma, nikamsimamisha anipige picha."

Nusu yake ilikuwa uongo. Kavutha aliona aibu, na akampenda mno.

"Sawa, Susu," alisema Mwalimu Ndunda. "Lakini mchoro bado."

"Basi tufundishe sasa, sisi wawili."

Susu akajibana kwenye dawati la mbele. Utotoni mwake alichunga mbuzi wakati kaka zake wakienda shule, na katika miaka yake sabini na miwili hakuwahi kuketi darasani. Mwalimu akachukua chaki.

"Na mimi nipe karatasi," Susu alinong'ona.

Kavutha akachana ukurasa wa katikati wa daftari lake, akamwekea kalamu mkononi.