Protini Iliyolala Namna Mbili

Jumatatu asubuhi, wenzake walipokuwa wanakunywa chai, Winfrida aliipindua protini ya kuvu kichwa chini miguu juu kwenye skrini ya kompyuta yake, akaona bado inaingia kwenye nafasi ileile. Akairudisha ilivyokuwa. Akaipindua tena. Ikaingia.

Hakwenda kunywa chai.

Maabara yao ilikuwa ndogo, nje kidogo ya mji wa Moshi, na kazi yake yeye ilikuwa kusoma fuwele za protini, kujua protini hizo zimekaa vipi. Kwa muda mrefu walikuwa wakihangaika na protini mbili. Ya kwanza ni ya mti wa kahawa, nayo hufanya kazi ya ulinzi: ugonjwa ukiingia, yenyewe huamsha mmea mzima. Ya pili ni ya kuvu wa kutu ya majani. Hiyo humkamata mlinzi na kumnyamazisha. Lakini haimkamati kwa nguvu. Hushika na kuachia, hushika na kuachia, kwa hiyo kuzipata zote mbili zimetulia pamoja ndani ya fuwele moja ilikuwa kazi ya kukatisha tamaa. Walipofanikiwa, walipeleka fuwele ng'ambo zikapigwe eksirei, na wakarudishiwa ramani inayoonyesha elektroni zimejikusanya wapi, na kwa hiyo protini zimekaa wapi. Upande wa mlinzi ramani ilikuwa safi. Upande wa kuvu palikuwa na ukungu.

Ndani ya ukungu ule, Dakta Alawi, mkuu wa maabara, alikuwa ameilaza protini ya kuvu kwa namna moja. Kutokana na mlalo huo alionyesha mahali inaposhikia, na akagundua kwamba aina moja ya kahawa waliyokuwa wakiiotesha hapo ina tofauti ya asili mahali hapohapo kwenye mlinzi wake. Kuvu angekosa pa kushika. Miche ya aina hiyo ilikuwa imemaliza msimu mzima shambani bila doa. Alhamisi kamati ilikuwa inakutana kuamua kama igawiwe kwa wakulima wa mlimani, kuanzia Kibosho hadi Rombo.

"Daktari," Winfrida alisema, "naomba uje uone kitu."

Dakta Alawi alikuja na kikombe mkononi. Alikuwa mtoto wa Moshi mjini, mpole, anayecheka kwa urahisi, na ndiye aliyempigania Winfrida hadi akaajiriwa.

"Penye wekundu, ramani inatuambia tumeweka kitu kisichokuwepo, au tumezidisha," Winfrida alisema. "Penye kijani kuna kitu hatujakiweka. Angalia tulivyoilaza sisi: wekundu umejaa katikati, na kijani pembeni. Sasa naweka nusu hivi, nusu imepinduliwa."

Rangi zote mbili zilipungua, karibu zifutike.

Dakta Alawi hakucheka. "Fuwele ni mabilioni ya nakala zilizopangwa safu safu. Nyingine hazikai sawasawa. Hiyo ni vurugu ya kawaida, Winfrida. Kitu kinachoshika kilegevu lazima kitikisike."

"Kingekuwa kinatikisika tu, ukungu ungetawanyika. Huu una sehemu mbili. Na ikilala hii namna ya pili, haigusi kabisa mahali penye tofauti. Itaishika miche yetu kama kawaida."

"Tulifanya jaribio. Tulizichanganya, tukaosha, ya kuvu ikaondoka yote kwenye mlinzi wa aina mpya."

"Tuliosha mno, Daktari. Kinachoshika kilegevu kinaondoka na maji."

Aliweka kikombe mezani kwa nguvu, chai ikamwagika. "Nimeshasimama mbele ya wakulima kule Marangu. Msimu mzima shambani miche ni safi."

"Mwaka ulikuwa mkavu. Kutu inataka unyevu."

Dakta Alawi akaifuta chai kwa kiganja. "Una mpaka Alhamisi," alisema hatimaye. "Niletee kitu ninachoweza kukishika, siyo rangi za kwenye skrini."

Kesho yake baba yake Winfrida alimpigia simu kutoka Marangu. Winfrida alitoka nje kuipokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimemaliza kung'oa ule upande wa mfereji. Kahawa yote ya babu yako imetoka. Mama yako amelia kidogo, lakini nimemwambia mtoto wetu ndiye anayeleta mpya. Inakuja lini?"

Winfrida aliegemea ukuta. "Kamati inakaa Alhamisi, baba. Using'oe tena kwa sasa. Subiri."

"Nisubiri nini?"

"Subiri tu, baba."

Alikata simu kabla hajaulizwa tena, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia baba yake.

Jumatano alimweleza Dakta Alawi jaribio alilotaka kufanya, akachanganya protini upya. Safari hii, kabla ya kuosha, alitia kemikali inayofunga pamoja protini zilizogusana, ili hata mshiko wa kupita uonekane. Kwenye chupa nyingine alimweka mlinzi wa aina mpya pamoja na protini isiyohusika kabisa, ahakikishe kemikali haiunganishi kila inachokikuta. Usiku hakulala vizuri. Alfajiri ya Alhamisi alikuwa tayari maabara, akazipitisha sampuli kwenye jeli, ambamo protini zilizofungana pamoja huacha mkanda wao peke yao, akaitia rangi ya bluu. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kungoja rangi iliyozidi itoke. Ukumbi wa mkutano ulikuwa upande wa pili wa uwanja. Aliwaona wajumbe wakishuka kwenye magari, na Bwana Basili, mwenyekiti wao, akisalimiana na Dakta Alawi kwa kumpigapiga begani.

Jeli ilikuwa bado bluu tupu. Akabadilisha maji. Kwa haraka yake akajimwagia kifuani. Kutoka ukumbini alisikia makofi, kisha sauti ya Dakta Alawi kwenye kipaza sauti.

Mikanda ilianza kujitokeza taratibu. Kwa mlinzi wa kahawa ya zamani, mkanda mnene. Kwa protini isiyohusika, hakuna. Kwa mlinzi wa aina mpya akainama mpaka pua ikakaribia kugusa trei. Mkanda ulikuwepo, mwembamba, lakini ulikuwepo.

Alivuka uwanja akiwa na koti la maabara. Dakta Alawi alikuwa amefika kwenye picha ya mlalo wake, mkono umenyooshwa kuelekea ukutani. Alimwona Winfrida mlangoni, akanyamaza. Wajumbe wakageuka wote.

Daktari alikuwa na nafasi ya kuendelea. Winfrida alijua hivyo, na alijua pia kwamba akiendelea, yeye hataweza kumkatiza mkuu wake mbele ya watu wale. Au ataweza?

"Mkanda upo?" Dakta Alawi aliuliza, kipaza sauti bado karibu na mdomo.

"Upo, Daktari."

"Na ile chupa nyingine?"

"Safi."

Alishusha mkono. Akabaki ameitazama picha yake ukutani kwa muda, kama mtu anayesoma jina lake limekosewa.

"Waheshimiwa," alisema, "nilichowaeleza ni nusu. Naomba msiigawe miche hii."

Ukumbi ulilipuka kwa maneno. Bwana Basili aligonga meza, akauliza kama wameitwa pale kufanyiwa mzaha. Dakta Alawi alijibu swali moja baada ya jingine, shati limelowa jasho mgongoni, na kila alipokwama alisema, "Hilo aulizwe Winfrida." Mwishowe kamati iliahirisha ugawaji, ikaagiza miche iambukizwe kutu makusudi ndani ya nyumba yenye unyevu.

Kwa muda wa wiki kadhaa Dakta Alawi alizungumza na Winfrida mambo ya kazi tu. Kisha siku moja akamwita kwenye ile nyumba yenye unyevu. Alikuwa amelishika jani la mche, amelipindua. Chini yake palikuwa na unga wa rangi ya chungwa. Mche wa pili nao, na wa tatu. Haukuwa mwingi kama kwenye kahawa ya zamani, lakini ulitosha.

Winfrida alikuwa amedhani siku hii atafurahi. Aliwaza ule upande wa mfereji.

"Nimesikia mzee wako aling'oa," Dakta Alawi alisema.

"Upande mmoja."

"Nilisimama kwenye ule mkutano wa Marangu mwenyewe, siyo wewe. Twende."

Walimkuta Mzee Aminieli, baba yake Winfrida, kwenye kihamba, shamba la nyumbani kwake, anakata majani ya migomba ya ng'ombe. Dakta Alawi alimwamkia, akamweleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea. Mzee aliendelea kukata hadi mzigo ukatosha. Ndipo akasema, bila kupaza sauti, "Ile kahawa ilinisomeshea huyu."

"Najua, mzee."

"Hujui." Akaufunga mzigo. Winfrida alitaka kusema neno, baba yake akamzuia kwa mkono. "Na hiyo namna ya pili ya kushika, ipo kahawa isiyoshikika kote kuwili?"

"Hatujaipata," Dakta Alawi alisema. "Tumeanza kuitafuta."

Mzee aliupima mzigo kwa mkono. Kisha akamsogezea Dakta Alawi ncha moja ya mzigo, yeye akashika nyingine.

"Haya, nisaidie kufikisha kwa ng'ombe," alisema. "Halafu mtaingia ndani, mama yake amepika mtori wa ndizi."