Wanaume wa Mierebini

Marekhi alikuwa amesimama dimbwini, maji yakimfika magotini, akigeuza matita ya kitani ili yaoze sawasawa pande zote. Kitani kisipooza vizuri, nyuzi hazibanduki kwenye bua. Kikioza kupita kiasi, zinakatika mkononi kama utando wa buibui. Binti yake Tsira alikaa ukingoni, amempakata mdogo wake wa kike, Tuta, akimfukuzia mbu kwa kishungi cha matete.

"Kitendawili!" akasema Tsira.

"Tega!" wakaitikia wanawake dimbwini bila kuinua vichwa.

"Nilizamishwa nikaoza, nikatolewa nikavaliwa na mfalme."

"Kitani," wakasema wote.

"Huyu mtoto naye," akasema jirani yao Bzhina. "Anatutegea kitu tulichokishika mkononi!"

Ng'ambo ya mto Fasi kulikuwa na miti ya mierebi, na mierebini waliningʼinia wanaume. Ndivyo mambo yalivyokuwa Kolkheti. Mwanamke akifa alizikwa ardhini. Mwanaume akifa alishonwa ndani ya ngozi mbichi ya ng'ombe, akafungwa kamba na kutundikwa mtini, ili ardhi ipate sehemu yake na hewa nayo isidhulumiwe. Upepo ukivuma, ngozi ziligongana kama milango ya ghala iliyosahauliwa wazi.

Utu, mume wa Marekhi, alikuwa mtini tangu mavuno yaliyopita, alipochukuliwa na homa ya kinamasi. Kila jioni, jua likishagusa matete, aliteremka, akavuka mto na kuja kula.

"Baba Tsira, sogea upande ule," Marekhi alikuwa akimwambia. "Harufu inaingia kwenye jibini."

"Samahani," alisema Utu, akasogea.

Alikula uji mzito wa mtama, na bakuli halikupungua, kwa hiyo watoto walikula baada yake. Aliuliza habari za paa. Halafu Tsira alimtegea vitendawili. Utu hakuwa hodari wa vitendawili, hata alipokuwa hai, na kila aliposhindwa ilimbidi ampe binti yake mji. Alikuwa amekwisha kumpa miji yote ya mtoni na yote ya pwani. Ulibaki mmoja tu alioujua, mji wa mfalme wa Waajemi, na huo hakutaka kuutoa.

Sasa, mwaka ule ulikuwa mwaka wa tano. Kila mwaka wa tano Kolkheti ilimpelekea mfalme huyo wavulana mia na wasichana mia. Hakukuwa na vita juu ya jambo hilo. Lilikuwa likiitwa zawadi. Wapanda farasi wake walingoja mlimani, penye njia ya kupita, na kila kijiji kilijua sehemu yake. Sehemu ya kijiji hiki ilikuwa msichana mmoja, aliyekwisha kuota meno ya pili.

Kuji, mkuu wa kijiji, alikuja hadi dimbwini asubuhi, akasimama mahali pakavu.

"Hujambo, mama Tsira."

"Sijambo, mzee Kuji."

"Kitani kinaendeleaje?"

"Kinaoza vizuri."

"Naona binti naye amekua. Meno yametoka yote." Kuji alikuna sikio. "Desturi unaijua. Mtoto hutoka nyumba isiyo na mwanaume."

Marekhi aliliweka chini tita alilokuwa ameshika.

"Nyumba yangu ina mwanaume. Anakuja kila jioni. Jana alikula nyumbani, uliza majirani."

"Amekuja," akasema Bzhina kutoka upande wa pili. "Hata kwangu harufu ilifika."

"Na tena, mzee Kuji, ulipopita kuchukua kitani cha kodi kwa kila mwanaume, cha Utu ulikichukua. Nilikuambia amekufa. Ukanijibu kwamba mtu hajatoka nyumbani kwake mpaka kamba ikatike. Ni maneno yako au ni yangu?"

Kuji hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu mambo yaende kwa utaratibu.

"Ni yangu," akakiri. "Basi hilo waulizwe wenyewe, wa mierebini."

Jioni ile wanaume wa mierebini waliteremka wote. Wanawake walikuwa wametoa mabenchi kiwanjani pa kupuria mtama na kuwapanga wageni kwa heshima: mbele wale wa zamani, ambao ndani ya ngozi ilibaki mifupa na sauti tu, na nyuma wale wa karibuni. Utu alipata mahali mwisho kabisa, karibu na kuni. Divai ilitolewa kwenye mtungi mkubwa uliofukiwa chini. Kuji alianza kama ilivyo ada, akanyanyua kikombe kuwakumbuka waliotangulia.

"Asante," wakasema waliotangulia, wakanywa.

Kisha Kuji aliuliza kama mwanaume aliye mtini ni mwanaume wa nyumba yake au siye. Hapakuwa na ubishi. Wote walisema ndiye, tena kwa pamoja, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyetaka kuambiwa kwamba siye. Marekhi alishusha pumzi. Tsira, aliyekuwa akipitisha sahani ya kokwa za jozi, alimtazama mama yake akatabasamu.

"Vizuri," akasema Kuji. "Basi hakuna nyumba isiyo na mwanaume kijiji kizima. Na msichana atoke wapi?"



"Nani anatoa wake?" akauliza Dachi, marehemu baba yake Kuji, aliyekaa benchi la mbele.

Dachi alipitisha macho mabenchi yote, ya walio hai na ya wa mtini.

"Haya. Nani anaona atoke kwa Utu?"

Mikono ilinyanyuka. Ngozi kavu zililia kwenye mishono. Wanaume walio hai nao walinyanyua, mmoja mmoja, kila mtu akitazama upande mwingine.

"Kwa nini kwa Utu?" akauliza Marekhi.

"Mwanangu, si kwa ubaya," akasema Dachi. "Mimi nina wajukuu hapa. Huyu ana wajukuu, yule ana vitukuu. Kila mtu ananyanyua mkono kwa ajili ya wake."

"Hata Utu ana wake! Baba Tsira, sema!"

Utu alitazama magoti yake.

"Mama Tsira, mimi niko tawi la chini," akasema polepole. "Wa tawi la chini hasemi mbele ya wakubwa. Ndivyo ilivyo kule."

"Hata kwa mwanao?"

"Bado sijapewa sauti."

Marekhi alimgeukia Dachi. "Ulipokuwa hai, baba Kuji, ulikuwa ukipanda mti ukisikia mbwa wa jirani anabweka. Nilidhani kufa kumekuponya uoga."

Watu walicheka, walio hai na wa mtini, na Dachi mwenyewe alicheka mpaka ngozi ikamteremka begani.

"Hakuponyi," akasema.

Tsira alivalishwa gauni jipya la kitani. Alifungiwa jozi, jibini na kipande cha sega la asali. Hakuna aliyemkataza Utu kumsindikiza, basi alimbebea furushi. Walipanda milima siku nyingi. Kwenye baridi ya juu ngozi yake ilikakamaa akawa anatembea kwa shida, na Tsira alimngoja kila penye mwinuko.

Penye njia ya kupita, msimamizi wa Waajemi alikuwa amekaa juu ya zulia, akiwatazama watoto meno. Alipofika kwa Tsira alimwona na yule aliyesimama nyuma yake.

"Huyu nani?" akauliza kupitia mkalimani.

"Baba yake."

"Amekufa?"

"Ndiyo."

"Mfalme ameomba wavulana na wasichana. Wafu tunao."

Alieleza kwamba kwao wafu huachiwa ndege, na ndege wa huko wamezoea. Akauliza kama ngozi ya ng'ombe haileti joto. Utu akasema kiangazi inaleta, hasa mchana. Walizungumza kidogo juu ya hilo. Kisha Tsira alipandishwa nyumbu nyuma ya msichana mwingine, akapewa furushi lake, na msafara ukaanza kuteremka upande wa pili. Utu hakuweza kwenda mbele zaidi. Wafu wa Kolkheti huishia pale maji yanapoanza kutiririka kuelekea nchi nyingine.

Alifika nyumbani wakati wa chakula. Marekhi alikuwa akikoroga uji, Tuta amelala mgongoni.

"Alilia?" akauliza Marekhi.

"Hapana. Aliuliza kama kule kuna mbu."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sijui."

Marekhi aliendelea kukoroga. Utu alikaa upande ule aliozoea kukaa, mbali na jibini.

"Mama Tuta," akasema, na lilikuwa jina jipya kwake, "nizike ardhini."

"Ardhini ni kwa wanawake."

"Najua."

"Walio ardhini hakuna aliyewahi kuwauliza neno. Huna sababu ya kwenda kukaa nao, na bado kuna Tuta. Kula, kisha urudi kwa wenzako."

Alipomaliza kula, Marekhi alivuka mto pamoja naye. Kamba ilikuwa imelegea kwa safari. Aliifunga upya yeye mwenyewe, fundo juu ya fundo, akaivuta kuona kama imeshika. Ilikuwa imeshika.

Mwaka wa tano mwingine ulikuja. Bzhina alikuwa amefiwa na mume majira ya kuchipua, nyati alimkanyaga, na binti yake mkubwa alikuwa ameota meno ya pili. Tuta naye alikuwa ameyaota. Wanaume wa mierebini waliteremka, mabenchi yakatolewa, Kuji akanyanyua kikombe, waliotangulia wakasema asante. Mahali karibu na kuni palikuwa pa mume wa Bzhina sasa. Utu alikuwa amesogezwa benchi la katikati, baada ya kamba kadhaa za zamani kukatika.

Dachi aliuliza nani anatoa wake. Kisha akauliza nani anaona atoke kwa Bzhina.

Utu alimtazama Tuta, aliyekuwa akipitisha jozi. Akanyanyua mkono. Ngozi yake ilikuwa imekauka vizuri, nayo ililia kama za wengine.

"Sema, baba watoto," Bzhina akamwambia mumewe. "Sema nao!"

Mumewe alitazama magoti yake.

Bzhina akageuka, akamtazama Marekhi. Marekhi alikuwa akipita na gudulia la divai, benchi baada ya benchi, akijaza vikombe. Alipofika kwa Utu, mkono wake ulikuwa bado uko juu. Marekhi alingoja aushushe, kisha akamjazia.