Mashujaa Wasio na Migongo

Jana alasiri, mvua ikinyesha, Siwema Kilindo alimnyonyesha mwanawe Mwanvua, akajilaza naye mkekani, na hapohapo ndoto ikamchukua.

Kazi ya Siwema ni kuandika maneno ya Kiswahili yanayowekwa midomoni mwa waigizaji wa tamthilia ya kigeni ya runinga kuhusu mashujaa wa sayari ya mbali. Wiki iliyopita kiapo chao kilimpa tabu. Kilisema, "Shujaa hamwonyeshi adui mgongo." Lakini midomo ya mwigizaji ilifumba mapema, kabla maneno hayo hayajaisha, basi Siwema akakifupisha: "Shujaa hana mgongo." Kikarushwa hewani hivyo.

Ndotoni yuko kwenye foleni ya kliniki, Mwanvua mgongoni, wanasubiri mizani. Anageuka kumtazama aliye nyuma yake. Ni Kamanda Zugra wa kwenye tamthilia, kavaa deraya ya chuma, kichwa kinagusa feni. Nyuma yake wamejipanga askari mia.

"Mama, wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiye mimi, afande."

"Tangu Jumatatu hatuna migongo."

Akajizungusha taratibu. Upande wa nyuma alikuwa na kifua kingine, na uso mwingine, nao ulikuwa ukimtazama Siwema.

"Tunalala wima," uso wa nyuma ukasema. "Watoto wetu hawana pa kubebwa. Tunawashika mikononi, na mikono ina mapanga. Wanaanguka."

"Nitasahihisha, afande. Ni maneno mawili tu."

"Neno la shujaa halirudi. Tumekuja kuchukua mgongo wako tugawane."

Kliniki sasa ni tumbo la chombo cha angani, ila foleni haijavunjika.

"Anayefuata," mizani ikaita. "Mgongo wa mtu mzima, vipande mia. Mtoto awekwe pembeni."

Siwema akaikaza khanga aliyombebea mtoto. "Nisaidie, sema neno," akainong'oneza.

"Nina maneno matano tu," khanga ikajibu, "nayo yanahusu majirani."

Mapanga yakachomolewa. Siwema alitetemeka mpaka meno yakagongana, na katika kutetemeka huko akapata la kusema.

"Afande, kiapo kinasema shujaa. Mimi si shujaa. Mimi naogopa. Tazameni magoti yangu."

Mizani ikayapima. "Kweli. Anaogopa sana."

Kamanda akafikiri kwa nyuso zote mbili. "Kumbe anayeogopa anaruhusiwa kuwa na mgongo?"

"Kiapo hakimkatazi."

Kamanda akainama hadi sikioni mwa Siwema ili askari wasisikie. "Nami naogopa," akasema. "Tangu utotoni."

Uso wa nyuma ukafumba macho, ukazama polepole kama kijiko kwenye uji. Pakabaki mgongo mpana.

"Sasa nionyeshe unavyotumika."

Kabla Siwema hajajibu, Mwanvua alikwisha hama. Yuko mgongoni mwa Kamanda, juu ya deraya, pamoja na khanga yake, anacheka. Kamanda akampa Siwema mgongo, akaenda zake. Askari wakamfuata, kila mmoja akinong'ona "naogopa" anapopita, mabega yao yakilia kwa kuota migongo.

Siwema anakimbia, sakafu inamrudisha. Anataka kumwita mwanawe. Midomo yake inafumba mapema, jina halijafika hata nusu. Mlango wa chombo unajifunga. Kichwa kidogo cha Mwanvua kinapotelea gizani.

Alizinduka akihema. Mama mkwe wake, Bi Tausi, alikuwa amepiga magoti pembeni ya mkeka.

"We Siwema, nani kamfunga mtoto hivi?"

Mwanvua alikuwa amelala, mzima, mashavu yana joto. Siwema alikuwa amemlaza bila kumfunika kitu. Sasa khanga ya Siwema ilimzunguka mara tatu, imebanwa kwa fundo kubwa kama ngumi, ambalo hakuna mtu wa nyumba ile angejua kulifunga.

"Si wewe, mama?"

"Mie nimetoka jikoni sasa hivi."

Wakasaidiana. Bi Tausi alimshika mtoto, Siwema akalivuta fundo kwa meno mpaka likaachia. Bi Tausi akainyoosha khanga, akaitazama mikunjo yake.

"Aliyefunga hivi," akasema, "aliogopa mno asije akamwangusha."