Chupa ya Tumpe Inarudi Imejaa

Usiku wa jana niliota chupa ya chakula ya Tumpe imekalia kiti changu mezani, mfuniko wake wa bluu umeinama upande kama kofia ya afisa.

"Keti," iliniambia.

"Umekalia kiti changu."

"Basi simama. Leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Haya. Unajua mwenyewe."

Nilijua. Tumpe ni mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, na tangu dada aende masomoni Dodoma anaishi na mimi hapa Tukuyu. Wiki ya tatu sasa chupa yake inarudi kutoka shule imejaa. Nikimuuliza, anatazama vidole vya miguu na kusema, "Nilishiba, mamdogo." Jumapili, baada ya ibada, bibi yake mzaa baba, Bibi Lugano, alimshika mkono akaugeuzageuza kama anayechagua hindi la kuchoma. "Ijumaa nakuja," akasema. "Nikimkuta amekonda hivi hivi, naondoka naye. Wewe si umesomea lishe chuoni? Lishe gani hii?"

Sikumjibu. Mimi huwa sijibu.

Kwenye ndoto naanza kupika. Shule ilitoa tangazo: chakula kiwe cha moto, sandwichi hazitakiwi. Kwa hiyo natia maji yanayochemka kwenye chupa ili chuma kipate joto, namwaga, naweka wali, maharage na mchicha wa karanga. Nashika mfuniko kwa kitambaa na kuukaza kwa nguvu zangu zote.

"Taratibu," inasema chupa. "Mimi si gereza."

"Joto litatoka."

"Joto halijawahi kunitoka. Tatizo lako si joto."

Nilitaka kuuliza tatizo langu ni lipi, lakini jiko lilikuwa limeshakuwa geti la shule.

Getini ameketi kipimajoto mmoja mrefu, amevaa koti la mvua. Mbele yangu kuna mama mwenye makande.

"Haya makande ni ya moto," anasema mama.

"Ni kweli," anajibu kipimajoto. "Moto wa juzi. Pita huko."

Zamu yangu inafika.

"Jina?"

"Subilaga."

"Sauti."

"Subilaga."

"Sijasikia. Nitaandika Anayefuata." Anavua kiatu, anatumbukiza mguu kwenye wali wangu, anafumba macho. "Nyuzi sabini na moja. Safi kabisa. Ila una kosa jingine. Umesimama wapi?"

Natazama. Kulia kwangu yuko Tumpe na sare yake. Kushoto yuko Bibi Lugano, ameshika begi la nguo za Tumpe, na zipu imeshafungwa.

"Kitu kilichobanwa katikati ya vitu viwili," kipimajoto anasoma tangazo, "ni sandwichi. Sandwichi haziingii."

"Mimi ni mtu."

"Hata mayai huwa yanasema hivyo."

"Mtoeni huyo katikati," anasema Bibi Lugano. "Tumpe, twende zetu."

Tumpe ananishika sketi. Kengele ya chakula inalia.

"Kuna njia moja tu," anasema kipimajoto. "Ingia kama chakula. Una muda mpaka kengele ya pili. Ikilia mtoto hajala, bibi anaondoka naye."

Ananikunja mara nne kama kanga, ananiweka juu ya mchicha. Mkono unashuka kukaza mfuniko. Nautambua kwa lile kovu la mafuta. Ni mkono wangu.

Ndani ni giza na joto. Maharage yamekaa kimya, yamepangana kama watu wanaosubiri zahanati.

"Karibu," linasema harage moja lililo karibu na goti langu. "Sogea kidogo, unamwagia mwenzetu mchuzi."

"Samahani. Mnasubiri nini?"

"Kuliwa. Hii wiki ya tatu."

"Lakini ninyi nimewapika asubuhi hii."

"Tunaachiana habari."

Juu yetu kitu kinakwaruza. Ni vidole vidogo. Vinazungusha, vinateleza, vinapumzika. Vinazungusha tena.

"Ndiye huyo," unasema mchicha. "Kila siku hivyo mpaka kengele. Chakula cha moto kikianza kupoa humu, hewa inauvuta mfuniko kwa ndani. Na wewe umeshaukaza kwa kitambaa. Hata mwalimu angetoka jasho."

"Sasa kwa nini Tumpe hamwambii mwalimu?"

Maharage yote yakacheka, halafu yakanyamaza kwa adabu.

"Jumanne," likasema lile harage, "jirani alikuletea chai. Alikosea kopo, akatia chumvi. Ulifanyaje?"

"Niliinywa."

"Yote?"

"Yote."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni tamu."

"Na mtoto alikuwa amekaa wapi?"

"Pembeni yangu."

Halikuuliza tena.

Vidole vinaacha. Naanza kusikia meno. Tumpe anauma ukingo wa mfuniko, anavuta. Plastiki inabonyea mpaka upande wetu: kijishimo, kijishimo, nafasi, kijishimo. Ile nafasi naijua. Jino lake la mbele liling'oka wiki iliyopita. Aliniambia limeng'oka lenyewe.

Naweka mgongo kwenye mfuniko, nasukuma. Hausogei. Nje nasikia kandambili za Bibi Lugano zinavuka uwanja, hazina haraka. Nasikia mtu anaishika kamba ya kengele.

"Mwalimu yuko hatua tatu kutoka hapa," unasema mchicha. "Anasahihisha madaftari. Inahitajika sauti tu."

"Sina."

"Unayo. Imezama kwenye wali."

Nachimba wali kwa mikono miwili. Naipata chini kabisa, ndogo, imegandana na punje. Naifuta kwa ncha ya blauzi. Kandambili zimefika mlangoni. Kamba inavutwa.

"Mwalimu! Mfungulie mtoto!"

Niliamka nimekaa kitandani. Kumekucha, ni Ijumaa kweli, mvua inapiga bati. Tumpe amesimama mlangoni na gauni lake la kulalia.

"Mamdogo, mbona unamwita mwalimu wangu?"

Nilikwenda jikoni, naye akanifuata. Chupa ilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, mfuniko pembeni yake. Huo mfuniko nausugua kila jioni, haraka, ili nisione mchicha ninaoumwaga. Niliupeleka dirishani penye mwanga, nikapitisha kidole ukingoni. Kijishimo. Kijishimo. Nafasi. Kijishimo.

"Tumpe," nikasema, "shuleni huu mfuniko huwa unaufunguaje?"

Alitazama vidole vyake vya miguu.

"Haufunguki," alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba mtu mwingine yeyote angemwambia arudie.

Mimi nilisikia.