Kuamsha Vyumba

Kila Alhamisi asubuhi tulikwenda kuamsha vyumba. Hilo ni neno letu wenyewe, sisi tuliofanya kazi hotelini. Hoteli isipolala watu huanza kuoza: maji yakikaa kwenye bomba hushika kutu, choo kisipovutwa hukauka na kuleta harufu ya mtaroni, godoro lisipogeuzwa huota ukungu upande wa chini. Kwa hiyo unapita chumba hadi chumba, unafungua madirisha, unavuta vyoo, unaacha bomba liteme maji ya kahawia mpaka yatoke safi. Zamani tulifanya hivyo miezi ya mvua tu, wageni wanapopungua. Baada ya korona tukafanya kila wiki, mwaka ukaingia mwaka ukatoka, na hakuna aliyetupa hata nauli.

Mimi nilikuwa mkuu wa wasafisha vyumba. Mume wangu alikuwa mpishi mkuu. Tulipendana palepale, kati ya jiko na chumba cha kufulia, na wenzetu walisema harusi yetu ilinukia vitunguu na sabuni. Siku hoteli ilipofungwa, meneja alitukusanya kwenye ukumbi wa chakula, akavua barakoa ili tumwone mdomo, akasema: "Hii ni ya muda tu. Watakaoishika hoteli mkono, hao ndio nitakaowaita wa kwanza." Mume wangu aliyapokea maneno yale kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Korona ikapita. Redioni walitangaza kwamba imepita, mipaka imefunguliwa, karibuni wageni. Lakini ile ndege iliyokuwa ikituletea wageni moja kwa moja haikurudi. Ilipata abiria kwingine, ikanogewa hukohuko. Watalii wachache waliokuja walikwenda kwenye hoteli mpya kubwa zenye kila kitu ndani, hata duka la vinyago, wasiwe na haja ya kutoka getini. Mtaa wetu ukabaki kutazamana. Dereva wa teksi aliuza teksi, akanunua baiskeli, sasa anasambaza mkaa. Mwenye duka la vinyago alichukua kifaru chake kizuri kuliko vyote akakiweka mlangoni, kizuie mlango usibamizwe na upepo. Watu wakaacha kutuuliza tunafungua lini, maana swali lenyewe lilikuwa limegeuka matusi.

Mwanzoni waamshaji tulikuwa wengi. Mwishowe tukabaki mimi, mume wangu na mtunza bustani, ambaye sote tulimwita Majani. Halafu Majani naye akaacha. Alipata kazi ya stoo kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, mbali, safari ya siku nzima. Mume wangu alimwita msaliti mbele za watu, tukacheka. Tulicheka kwa meno tu.

Wiki hiyo ninayoisimulia, Majani alinipigia simu.

"Shemeji, huku hakuna mpishi. Aliyekuwepo amekimbia. Tunakula wali ulioshikana kama saruji. Nimemsemea kaka kwa msimamizi, amekubali. Ila anataka jibu wiki hii hii."

Nilimwambia mume wangu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, ananoa kisu ambacho kilikuwa hakijakata nyama siku nyingi.

"Nikapike kwenye mapipa, porini?" akasema. "Na hoteli nimwachie nani?"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba watoto."

"Subira huvuta heri, mama watoto."

Mkiona mke na mume wanarushiana methali, jueni unga umekwisha. Lakini usiku ule alilala akigeukageuka, na asubuhi aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, eti huko kambini kuna baridi? Nikajua anaelekea kukubali. Nikamtolea sweta lake juani.

Sweta halijapata joto, meneja akapiga simu. Jumatano kuna watu watatu wanakuja kuiangalia hoteli. Waikute kama zamani.

Mume wangu aliweka simu mezani taratibu, akaanza kucheka, na machozi yakamtoka. Katika kazi yetu kila mtu anajua maana ya watu watatu kuja kuangalia hoteli. Kabla ya msimu, makampuni ya safari hutuma watu wao wakague: wanafungua mabomba, wanabonyeza magodoro, wanaonja supu. Wakiridhika, wageni wanaletwa kwa mabasi. Sisi hatukuuliza ni watu gani. Ungeuliza nini, wakati miaka yote ile ulikuwa ukisubiri sentensi ile moja?

Akampigia Majani mwenyewe. "Nafasi hiyo wape wengine, ndugu yangu. Sisi tunafungua. Ukitaka kurudi kwenye maua yako, nitakuombea kwa meneja." Nilikuwa nimesimama pale na sahani mkononi. Sikumzuia. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria mashuka.

Tulichinja kuku wetu waliobaki. Mume wangu alipika supu ya maboga, akaoka kuku, na kwa unga wa kukung'uta akatengeneza keki. Mimi nilipiga pasi mashuka, nikakunja taulo ziwe bata wenye shingo ndefu, wawili wawili, wanatazamana juu ya kila kitanda. Hao bata ndio walionipatia cheo. Nilidhani vidole vimesahau, kumbe la.

Jumatano wakaja na meneja: mwanamke mmoja na wanaume wawili, viatu vyao vinang'aa. Walifungua mabomba. Maji yakatoka safi, wakatazamana na kutikisa vichwa kwa kuridhika. Walibonyeza magodoro. Yule mwanamke alimwinua bata wangu mmoja, akatabasamu, akamweka kitini, kisha akainua godoro achungulie mbao za kitanda. Nikasema moyoni, huyu anaijua kazi.

Mezani mume wangu aliwahudumia mwenyewe, ndani ya koti lake jeupe. Mwanamke aliomba aongezewe supu. Akauliza nani kapika, na meneja akasema, "Huyu hapa, mpishi wetu mkuu." Alisema wetu. Mume wangu aliinamisha kichwa kama bwana harusi.

Ndipo mmoja wa wale wanaume, mdomo una keki, alipoelekeza kijiko upande wa jikoni na kumwambia meneja: "Ukuta ule utavunjwa. Pale patakuwa na ngazi."

"Ngazi ya kwenda wapi?" mume wangu akauliza. Aliuliza kwa adabu, kama mwenyeji.

"Ya ofisini. Zitakuwa ofisi za kupangisha, juu na chini."

"Na wageni watakula wapi?"

Mwanamke akamtazama meneja. Meneja akaitazama supu yake.

Alitutoa nje, karibu na mashine za kufulia. Si mtu mbaya yule, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Angekuwa mbaya ningepata pa kumshika.

"Wenye hoteli wamechoka," akasema. "Tangu mwaka juzi wanatafuta mnunuzi. Hawa walikwenda kuona ile ya jirani, wakakuta mabomba yamekufa na dari imeoza, wakaikataa. Hii wameipenda. Nyinyi ndio mliofanya iuzike. Kwa kweli mmetusaidia sana, na wenyewe nimewaambia."

"Ulisema watakaoishika mkono utawaita wa kwanza," nikamwambia.

"Nilidhani hivyo, mama. Wallahi nilidhani hivyo."

"Na hao wa ofisi hawatahitaji wasafishaji? Hawatakula?"

"Wana kampuni yao. Watakuja na watu wao."

Mume wangu alirudi jikoni akaanza kusugua sufuria, kwa nguvu, kama kawaida yake. Wanasema asante ya punda ni mateke. Huyu wetu alitupiga teke huku akitushukuru kutoka moyoni.

Nilipanda juu kukusanya taulo. Kwenye chumba cha mwisho, kile chenye dirisha kubwa, waliacha bomba la bafuni linamwaga maji. Nilisimama nikiyatazama. Halafu nikamchukua bata mmoja, nikamsokomeza kwenye tundu la sinki, na maji yakaanza kupanda. Nikawaza: na yamwagike. Yashuke ngazi, yaingie darini, yaozeshe hoteli nzima, waje waikute. Nilikuwa nataka hivyo kwa roho yangu yote. Maji yakafika ukingoni, tone la kwanza likaanguka sakafuni, na mkono wangu ukafunga bomba. Sikuuamuru. Nikapangusa lile tone kwa upindo wa gauni, nikaikamua taulo, nikaianika vizuri. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nimeukasirikia mkono ule.

Nyumbani mume wangu alisema, "Mpigie Majani." Yeye aliona haya. Nikapiga.

"Shemeji," Majani akasema, "kaka alipokataa tu, msimamizi alimchukua mtu mwingine. Ameshaanza. Anapika vibaya lakini ameshaanza."

Mume wangu alikuwa amesogeza sikio karibu na langu. Akaninong'oneza, "Muulize kama wanataka mtu wa kuosha vyombo."

Mtu aliyekuwa na watu kumi chini yake, ambaye hakumruhusu yeyote aguse kisu chake. Nikauliza.

"Waosha vyombo wapo, shemeji, wanagombania brashi," Majani akasema. "Ningekuwa na namna ningefanya. Msalimie kaka." Nilitamani angalau atucheke kidogo, kwa yale tuliyomwita. Hakucheka.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mume wangu aliamka saa ileile, akanawa, akavaa viatu.

"Funguo amechukua meneja," nikamwambia.

"Najua."

Alisimama jikoni kwetu, akafungua bomba, akaweka kidole chini ya maji. Bomba letu halijawahi kushika kutu. Tunalitumia kila siku.

"Ni safi hayo, baba watoto. Yametoka safi tangu mwanzo."

"Najua," akasema, na akaendelea kungoja.